Kutia bare stabilizatrisi ya nyuma mu motokari yako: kazi ya siku moja mu lupango, hapa Lubumbashi

Bandugu, tangu nilitia bare mupya nyuma ya Subaru Impreza yangu, batu bananiuliza ginsi nilifanya, na bengine banasema banataka kuifanya beye benyewe mu lupango bila kupeleka motokari ku garaji. Inawezekana kabisa. Ni kazi ya asubuhi moja kama bulo zinafunguka, na ya siku muzima kama zinakataa. Lakini kuna bintu bibili bitatu byenye batu habakuambiaka mbele ya kuanza, na pale njo nitakawia, juu ukikosea pale motokari inaweza kukugeuka mu viraji siku ya mvula, na ile haiko mambo ya kucheza.

Kwanza tusikilizane bare ni kintu gani. Ni fimbo ya chuma yenye inapita chini ya motokari toka upande wa kushoto paka wa kuume. Katikati inashikwa ku shasi na kauchu mbili, na kila mwisho inafungwa ku mukono wa sispansio na kafimbo kafupi kenye tunaitaka biyeleti. Ukiingia mu viraji na mbio, motokari inalala upande wa inje, mupira wa inje unapanda mu karoseri, wa ndani unashuka, na bare inajikamua sawa vile unakamua nguo yenye unatosha mu maji, njo inapigana na ile kulala. Mipira yote mbili ikipanda pamoja, sawa ku dodane, bare inazunguka tu mu kauchu zake, haikamate kintu. Njo mana bare ya nguvu haiko sawa na resori ngumu. Ku dodane hautasikia tofauti, lakini mupira mumoja tu ukiingia mu shimo utasikia, juu pigo inapita mu bare inaenda ku mwenzake. Na mashimo yetu munayajua.

Sasa juu ya nini nyuma? Motokari mingi za kawaida zinatokaka ku fabriki na tabia ya kusukuma pua: unazungusha volani mu viraji, mbele inateleza kidogo inataka kuenda moja kwa moja. Benye kuzitengeneza banafanya vile kwa makusudi, mutu akishituka anaacha gazi, pua inarudi mu njia. Ukikaza nyuma unapunguza ile tabia, motokari inageuka muzuri, inalala kidogo, volani inakuwa ya kusikilizana na weye. Ukikaza nyuma kupita kiasi unaibadilisha kinyume: mukia njo unatoka. Ku gudro yenye kukauka unaweza kusema ile ni raha, lakini toka mwezi wa 11 paka wa 3 tuko na mvula, na barabara ya Likasi iko na mafuta ya makamyo pamoja na bulongo bwekundu bwenye mipira inaleta ku gudro, ikiloba inakuwa sawa sabuni. Mukia ukitoka pale kwa kilometa 90 ku saa hautaukamata. Mie njo mana nasema tangu mwanzo: usikimbilie bare munene kuliko zote.

Juu bunene bwa bare bunadanganya macho. Nguvu yake haipande polepole pamoja na milimita, unachukua kipimo kilekile mara ine, unazidisha zote ine pamoja. Bare ya zamani ku motokari yangu nilipima na piyakulisi (kile kipimo cha chuma cha kubana kintu na kusoma milimita), 17 mm. Nilitia ya 20. Milimita tatu, ukizishika mu mukono hauone hata tofauti, lakini gawa 20 na 17, jibu ni 1,176, kisha 1,176 × 1,176 × 1,176 × 1,176, unapata karibu 1,9, ni kusema nguvu inakaribia mara mbili. Toka 20 kwenda 22 unaongeza tena karibu 46 ku kila 100. Mutu mwenye anatoka 17 anaruka moja kwa moja ku 22, karibu mara tatu, mbele haigusi, kisha anashangaa motokari inamukimbia nyuma. Uliza pia kama ndani iko yenye kujaa ao butupu. Bare ya 22 yenye iko na tundu ya 14 ndani inabakia na nguvu karibu 84 ku 100 ya ile yenye kujaa, na kilo zake zinashuka paka 60 ku 100, kwa hiyo butupu haiko mbaya, paka ujue tu unalinganisha nini na nini.

Kupata bare yenyewe: Whiteline ya Australia na Cusco ya Japani ni majina yenye kujulikana, banatengenezea motokari mingi zenye tuko nazo hapa, unaagiza kupitia benye banaleta bintu. Usiagize kwa jina la motokari tu. Angalia kodi ya shasi ku kibati, juu Impreza ya mukia mufupi (GG) na ya koferi (GD) ni ndugu lakini hazikuwe moja, na ukiletewa isiyo yako kuirudisha ni shida ingine muzima. Njia ingine yenye mie naipenda kwa mwenye hana makuta mingi: tafuta bare ya okazio ya modeli ya turbo ya familia ileile, mara mingi iko nene kidogo kuliko yako na inaingia bila kubadilisha kintu. Pima na piyakulisi palepale mbele ya muuzishaji, mbele ya kulipa.

Benye banaendesha Toyota Ist, Vitz, Runx na zile za namna yao, zenye kuvutwa na mipira ya mbele, nyuma yenu hakuna mikono yenye kujitegemea, kuna esye moja yenye kujikunja, na ile esye yenyewe inafanya kazi ya bare. Kuna bare za kuongeza zenye zinafungwa kwa bulo ku mikono mbili ya ile esye, bila biyeleti, lakini kazi yake iko tofauti na hii naandika hapa. Na mwenye anaendaka ku mashamba mu njia ya mashimo kila siku, mie namuambia aache. Huko unataka kila mupira ushuke peke yake mu shimo yake, bare ya nguvu inakatalia ile.

Mbele ya kununua chochote, lala chini ya motokari na lampi. Angalia amortiseri kama zinatosha mafuta, angalia silembloku (kauchu za ku maungio) ya mikono kama zimepasuka, angalia mipira, kama kushoto na kuume ziko za namna moja na hazijaisha. Mie nilikuwa nasema Impreza yangu inalala juu bare yake iko ndogo, kumbe biyeleti ya kushoto ilikuwa imekatika kabisa, bare ilikuwa inaning'inia tu, na ile kelele ya ko-ko-ko ku kila shimo nilikuwa nasema ni amortiseri. Nilitia biyeleti mbili mupya, motokari ikabadilika nusu nzima. Nikaendesha vile juma mbili, ndipo nikaamua kama nataka bare tena. Nakuomba ufanye vile na weye, unaweza kuta makuta yako inabakia mu mufuko.

Bilombo: kriki ya kutambaa, mashandeli mbili (miguu ya chuma ya kubebea motokari yulu), kle na duyi za 12, 14 na 17, kle alleni, brosi ya chuma, WD-40, grisi ya silikoni, ekru mupya za nailo, na kle dinamometriki (kle yenye kupima nguvu ya kukaza) yenye unaweza kuazima ku garaji kama hauna. Ya ekru usikatae, ekru ya nailo ikishafungulwa mara moja haikamate tena muzuri, na bei yake iko kidogo sana.

Mashandeli pia usikatae. Mwaka moja wakati wa mvula nilipandisha motokari mu lupango ya mukubwa yangu, kriki peke, nilisema ni dakika tano tu naangalia kintu. Bulongo bulikuwa bimeloba, kriki ikaanza kuzama upande moja, polepole, hata haikupiga kelele. Mudogo yangu njo aliona, akanivuta muguu, nikatoka, na motokari ikashuka pale kifua changu kilikuwa. Toka ile siku siingie chini ya motokari yenye haiko ku mashandeli, hata kwa dakika moja, hata kwa kuchukua kle yenye imeanguka. Kama lupango yako haina beto, tia kibati cha chuma kinene ao mbao mukubwa chini ya kriki na chini ya kila shandeli. Briki za simenti hapana kabisa, zinapasuka bila kukuambia.

Sasa kazi yenyewe. Siku moja mbele, magaribi, mwagia bulo zote WD-40, kisha kesho asubuhi tena. Motokari nyingi zetu zinatoka Japani, na zile zenye zilitembea kule kaskazini, kwenye banamwangaka chumvi ku barabara wakati wa barafu, unakuta chini kutu imekula bulo hata kama yulu motokari inang'aa sawa mupya. Sugua uzi wa bulo na brosi mbele ya kufungula. Ukiona bulo inakataa, usiivute kwa hasira: kaza kidogo, legeza kidogo, mwagia, ngojea. Bulo ikikatikia ndani ya shasi siku yako imeisha.

Zuia mipira ya mbele na mabwe ao mbao mbele na nyuma, juu freni ya mukono inashika nyuma, na nyuma njo unapandisha. Legeza ekru za mipira ingali chini. Kisha pandisha nyuma YOTE, kushoto na kuume, kwa kimo kimoja, weka ku mashandeli ku fasi zenye buku ya motokari inaonyesha. Hii ya kupandisha pande zote mbili batu mingi habaifanye, banapandisha upande moja, bare inabakia yenye kujikamua, na unapofungula ekru ya mwisho biyeleti inaruka na nguvu inaweza kukuvunja kidole. Pande zote zikining'inia sawasawa, bare inalegea, unaizungusha hata na mukono. Sukuma motokari toka upande na nguvu yako yote mbele ya kuingia chini. Ikitikisika, rudilia mashandeli.

Tosha mipira. Piga foto na telefoni, mingi, ya kila upande, zaidi sana ginsi biyeleti imegeuka na bare inapita yulu ao chini ya eshapema.

Anza na biyeleti. Ukizungusha ekru utaona mara mingi ile kichwa ya duara inazunguka pamoja nayo, unazungusha, unazungusha, hakuna kintu. Angalia mwisho ya ule uzi, kuna katundu ka kle alleni, ao nyuma ya kauchu kuna fasi bapa ya kle nyembamba. Shika pale na mukono moja, zungusha ekru na ingine. Kisha bulo za vishikizo vya katikati, kwangu zilikuwa za 12 na 14, kwako zinaweza kuwa zingine. Fungula ya mwisho huku mwenzako anashika bare, iko nzito kuliko unavyofikiri.

Kuitosha inje sasa ni kama kutosha nyoka mu tundu: inapita kati ya eshapema na diferansieli, unaizungusha kushoto, unaivuta kuume, unairudisha. Ikikataa, tosha kauchu moja ao mbili zenye zinashikilia eshapema, zimwagie maji ya sabuni zinateleza. Lakini tia kintu chini ya eshapema, usiiache ining'inie na kilo zake zote.

Lalisha bare ya zamani na mupya chini, moja pembeni ya ingine. Zilingane umbo: zijikunje fasi moja, zifike mwisho moja. Hapa njo utajua kama bamekuletea yako, na ni muzuri ujue saa hii kuliko ukiwa chini ya motokari na jasho mu macho.

Paka grisi ndani ya kauchu mupya. Kama ni za poliyuretani (ziko ngumu, mara mingi za rangi) tia ya silikoni ao ile yenye imekuja nazo mu mufuko, tia ya kutosha, ndani na ku uso yenye inagusa kishikizo. Kama ni kauchu ya kawaida usitie grisi ya mafuta ya petroli, inaivimbisha na kuioza. Ukikosa grisi ku poliyuretani, motokari yako italia kwi-kwi sawa kitanda cha zamani, batu bote mu avenyu batajua umerudi.

Ingiza bare kwa njia ileile ilitokea. Funga bulo zote na vidole tu kwanza, zote, usikaze hata moja. Angalia bare iko katikati: pima kutoka mwisho wake paka ku mupira ao ku karoseri kushoto, kisha kuume, zilingane. Kama imekuja na pete za kuzuia isitembee upande, zifunge pembeni ya kauchu, karibu lakini zisizibane. Kisha biyeleti.

Bare mingi za kuagiza ziko na tundu mbili ao tatu ku kila mwisho. Tundu ya mwisho kabisa, ya inje, njo laini, juu mukono wa bare unakuwa murefu. Ukiingia ndani mukono unakuwa mufupi na nguvu inapanda, na inapanda mbio: mukono wa milimita 200 ukiufanya 180, unaongeza karibu 23 ku kila 100. Anzia ku tundu ya inje. Kushoto na kuume tundu moja, usibadilishe hata siku moja ukaweka moja huku na ingine kule.

Kaza vishikizo vya katikati kwanza. Bulo ya M8 ya kawaida (8.8) inakazwa karibu 25 Nm (namba ya ku kle dinamometriki), ya M10 karibu 45 paka 50, lakini kama buku ya motokari yako ao karatasi ya bare inasema namba ingine, fuata ile. Biyeleti, kama mwisho zake ziko za kauchu, usizikaze mipira ikining'inia, juu kauchu itabakia yenye kujikunja siku zote na itapasuka mbio. Rudisha mipira, shusha motokari kwa kilo zake yenyewe, kisha kaza. Kama haupite chini yake, ipandishe ku mbao nene ine, moja chini ya kila mupira.

Na mbele ya kushusha, angalia nafasi. Sukuma bare na mukono yulu na chini, ione inapita mbali na tiyo ya freni, na kamba ya freni ya mukono, na waya ya ABS, na eshapema. Kitu chochote chenye kinagusa leo kitakatwa mu mwezi moja. Tiyo ya freni muiangalie muzuri tafazali, ile haina huruma.

Benye bako na Impreza sawa yangu, kuna fasi moja ya kuangalia: vile vishikizo vyenye vinashika bare ku shasi nyuma viliwekwa kwa nguvu ya bare ya fabriki. Ukitia 22 ao zaidi vinaweza kujikunja na kupasuka, inajulikana sana ku Subaru, njo mana kuna benye banauzisha vishikizo vya nguvu pembeni. Ni sababu ingine nilibakia ku 20.

Safari ya kwanza usiifanye Shose Kasenga saa ya magaribi na makamyo yote. Tafuta barabara ya kimya, asubuhi, gudro yenye kukauka, zunguka polepole kushoto, kuume, fungula dirisha usikilize. Ko-ko ni ekru haijakazwa, kwi-kwi ni grisi, kelele ya chuma kwa chuma ni bare inagusa kintu, simama palepale. Kisha kilometa 100 hivi, ni kusema karibu kuenda Likasi, rudi chini na kle ukaze bulo zote tena. Yangu mbili zilikuwa zimelegea kidogo, na nilikuwa nimezikaza muzuri.

Mvula ya kwanza, endesha kama motokari ya mutu. Viraji vyenye ulikuwa unaingia 70, ingia 50, sikia mukia unasema nini. Kama unatoka hata kidogo ukiacha gazi katikati ya viraji, tundu yako iko ngumu sana, ao mipira ya nyuma imeisha kuliko ya mbele, angalia ile kwanza. Kama kisha mwezi moja unaona pua ingali inasukuma na mukia umetulia, jaribu tundu ya pili. Mie sijaingia tundu ya pili paka leo, viraji bya karibu na Likasi binanitosha hivi.

Wakati wa kiangazi vumbi inaingia mu kauchu na kelele inarudi. Fungula vishikizo, panguza na kitambaa, paka grisi tena, nusu saa imeisha. Bare ya zamani usiiuzishe ku benye banapima vyuma. Ipake mafuta kidogo, ifunge mu gunia pamoja na bulo zake, andika upande wa kushoto na wa kuume, weka nyuma ya nyumba. Siku kishikizo kitapasuka ao mutu atataka motokari vile ilitoka ku fabriki, utairudisha asubuhi moja.